Saratani ya Wamaza Iko Mikononi mwa Wauguzi

Mwanamke wa Wamaza, huko Kabambare kusini mwa Maniema, Congo, ambaye hedhi yake ilikoma zamani, kisha siku moja akaona damu, hana daktari wa saratani wa kumwendea. Maniema nzima haina mashine ya tiba ya mionzi. Aliye karibu naye ni muuguzi wa kituo cha afya, yule ambaye watu wa Kasongo na Kabambare humwita muganga, hata kama ametoka shule ya uuguzi, ITM, na diploma ya A2. Muuguzi huyo akidhani ni maambukizi ya kawaida, atampa vidonge vya wiki moja na mama atarudi nyumbani ametulia. Damu ikirudi, atapewa vidonge vingine, au ataanza kuzunguka kwa watu wa mitishamba. Miezi inapita. Siku atakayobebwa kwenye kipoyi kupelekwa hospitali kuu ya zoni ya afya, harufu imekwisha kuanza, mguu mmoja umevimba, na daktari hana tena la kupasua.

Kinachouma zaidi ni kwamba ugonjwa huu hauji ghafla. Shirika la Afya Duniani linasema saratani ya mlango wa kizazi huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kukua kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye VVU asiyetumia dawa. Katika miaka yote hiyo mama huyo alikuwa akifika kituoni: kupima mimba, kuzaa, kuchanja watoto, kutafuta dawa ya malaria. Alikalia benchi lile lile mara nyingi. Muuguzi alikuwepo, na mama alikuwepo. Kilichokosekana ni mafunzo, taa nzuri, siki kidogo na amri ya kumruhusu muuguzi kufanya kazi hiyo.

Mazungumzo ya saratani nchini Congo huzunguka mashine na majengo ya Kinshasa. Mashine zinahitajika, tena sana. Februari 2022, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipozindua mpango wake wa kusaidia Afrika kupata tiba ya mionzi, Congo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuingizwa, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tiba ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi huchukua takribani wiki tano, siku tano kila wiki, kabla ya kuhesabu hatua ya mionzi ya ndani. Mama wa Kabambare atakaa kwa nani Kinshasa wiki zote hizo? Nani atamlisha, na nani atabaki na watoto? Kutoka Kasongo hadi Kindu peke yake ni zaidi ya kilomita 200 za udongo, na mvua zikianza, lori linaweza kulala njiani siku kadhaa. Wengine hukata shauri kwenda Bukavu au Lubumbashi. Shamba linauzwa, mbuzi wanauzwa, na mara nyingi mgonjwa hufika wakati ugonjwa umekwisha kusambaa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatima ya mgonjwa wa saratani kusini mwa Maniema huamuliwa mbali sana na mashine. Huamuliwa kituoni, na anayeamua ni muuguzi. Serikali ya jimbo huko Kindu, na Wizara ya Afya huko Kinshasa, zikitaka kupunguza vifo hivi ndani ya miaka michache ijayo, zianze na muuguzi: afundishwe kuutambua ugonjwa, aruhusiwe kutuliza maumivu, alipwe kwa kazi hiyo.

Hili si wazo geni kwa Kasongo. Kuanzia 1971, madaktari wa Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga hapa mpango ulioitwa Mradi wa Kasongo. Shabaha yake ilikuwa kuona kama watu wa vijijini wanaweza kupata huduma nzuri kwa kutumia vituo vidogo vinavyoongozwa na wauguzi, vikiwa vimefungamana na hospitali moja. Wauguzi walipewa maelekezo yaliyoandikwa: ukiona dalili hii, uliza hili, pima lile, fanya hivi au mpeleke mgonjwa hospitali. Kilichojifunzwa Kasongo kilichapishwa katika majarida makubwa ya tiba, na kilisaidia kuunda mfumo wa zoni za afya ambao Congo nzima inautumia mpaka leo. Wanafunzi wa afya ya jamii huko Ulaya wamelisoma jina la Kasongo darasani. Inasikitisha kwamba mahali palipouonyesha ulimwengu uwezo wa muuguzi wa kijijini, leo pana wauguzi wasiopewa hata somo la wiki mbili juu ya saratani.

Tuanze na siki, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko yote. Muuguzi hupaka asidi ya siki, yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama kwa taa. Mahali penye chembe zilizoharibika hugeuka peupe. Hakuna maabara, hakuna kusubiri majibu ya wiki sita kutoka mji mwingine. Kipimo hiki kina kasoro zake: weupe mwingine si wa hatari, na jicho lisilozoea linaweza kukosea. Lakini katika wilaya ya Dindigul, kusini mwa India, utafiti uliochapishwa 2007 uliwafuatilia wanawake wa miaka 30 hadi 59 wa vijijini ambao walipimwa kwa siki na wauguzi waliofundishwa. Vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vilipungua kwa asilimia 35 vikilinganishwa na maeneo ambayo hayakupata huduma hiyo. Waliopima walikuwa wauguzi, na waliogandisha chembe mbaya kwa baridi kali siku ile ile walikuwa wauguzi pia. Karibu zaidi na Maniema, Zambia ilianza 2006 mpango wa namna hiyo, wauguzi wakipiga picha ya mlango wa kizazi na kuwaonyesha madaktari pale wanapokuwa na shaka. Umefikia wanawake wengi mno.

Kugandisha kwa baridi kulikuwa na tatizo moja ambalo mtu wa Kasongo atalielewa mara moja: kunahitaji mitungi ya gesi. Mtungi ukiisha, kazi imesimama. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha mkononi kinachochoma chembe hizo kwa joto la takribani nyuzi 100 kwa muda usiofika dakika moja, nacho hutumia betri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kukitumia mwaka 2019. Betri inaweza kuchajiwa kwa paneli ya jua, na paneli za jua zipo hata Saramabila huko Kabambare.

Liko suala la haya, na halifai kupuuzwa. Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi tangu karne ya kumi na tisa, na hata katika familia za Kikristo mwanamke hapendi kutazamwa na mwanamume asiye mumewe. Muuguzi mkuu wa kituo cha kijijini, anayeitwa titulere, mara nyingi ni mwanamume. Ukimwambia mama wa makamo avue nguo mbele ya kijana ambaye kesho watakutana sokoni, atakataa, na ana haki. Jibu lipo la namna mbili. La kwanza ni kuwafundisha wakunga na wauguzi wa kike kwanza, hata kama vyeo vyao ni vidogo. La pili ni kipimo cha virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi: mama mwenyewe, nyuma ya pazia, anachukua ute kwa pamba na kumkabidhi muuguzi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikiweka kipimo hiki mbele ya siki. Mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi za Congo zinaitumia kupima kifua kikuu, ina uwezo wa kupima virusi hivyo pia. Kinachotakiwa ni vifaa vyake vya kupimia na mtu wa kumfuata mama aliyekutwa na virusi. Mtu huyo ni muuguzi, na hapa mama anayeishi na VVU lazima awe wa kwanza, kwa maana hatari yake ni mara sita ya mwenzake.

Ziko saratani nyingine ambazo muuguzi anaweza kuzinasa kwa vidole na macho tu. Huko Burera, kaskazini mwa Rwanda, wauguzi wa vituo vya afya walifundishwa kuchunguza matiti na kujua uvimbe gani upelekwe mbele bila kukawia. Na kwa watoto kuna uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala, aliuandika 1958, na ambao hupatikana zaidi penye malaria nyingi kama Maniema. Unakua kwa kasi ya kutisha. Ukubwa wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili tatu. Mtoto mwenye taya lililovimba akipelekwa kwa mng'oa meno, kisha kwa mwombaji, kisha kwa mganga wa jadi, wiki tatu zimekwisha. Na huu ni ugonjwa unaopona! Dawa zake ni za zamani, zinajulikana, na watoto wengi wanaozipata mapema hupona kabisa. Titulere aliyewahi kuonyeshwa picha ya taya hilo mara moja tu hatalisahau.

Wapo watakaosema kwamba dawa za saratani zenyewe si kazi ya hospitali ya vijijini. Rwanda ilijibu hoja hiyo mwaka 2012 kwa kufungua kituo cha saratani Butaro, kwenye milima ya Burera, mbali na Kigali. Kilianza bila bingwa wa saratani wa kudumu. Madaktari wa kawaida walifuata miongozo iliyoandikwa, wakashauriana kwa mbali na mabingwa wa Boston, na wauguzi waliofundishwa wakawa ndio wanaochanganya dawa, wanaotafuta mshipa, wanaokaa na mgonjwa. Kazi hiyo haitaki kubahatisha. Dozi hufuata uzito na urefu wa mgonjwa, kwa hiyo mizani mbovu ni hatari. Vinkristini, mojawapo ya dawa hizo, ikivuja nje ya mshipa inachoma nyama. Ikidungwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, inaua. Muuguzi ndiye wa mwisho kuishika sindano, na ndiye mwenye nafasi ya mwisho ya kusema subiri.

Hospitali kuu ya Kasongo haihitaji kuwa Butaro mwaka kesho. Lakini tayari wapo wagonjwa wa Maniema wanaopewa dawa hizo mijini kisha wakarudi nyumbani kusubiri mzunguko unaofuata, na hapo ndipo mambo huharibika. Siku kama kumi hivi baada ya dawa, chembe nyeupe za damu hushuka. Homa ya nyuzi 38 kwa mtu wa hali hiyo ni dharura ya saa chache. Muuguzi asiyejua ataifikiria malaria, atatoa dawa ya malaria, na mgonjwa atakufa usiku kwa maambukizi yaliyohitaji antibiotiki ya mshipani. Karatasi moja tu, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa, aliyoondoka nayo mgonjwa kutoka hospitali ya mjini, ingemwambia muuguzi wa kijijini la kufanya. Ingemwambia pia juu ya vidonda vya mdomoni, kusukutua kwa maji ya chumvi, uji wakati sombe haimezeki, na dalili za upungufu wa maji.

Sasa tufike kwenye maumivu, ambayo ndiyo aibu kubwa zaidi.

Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Mofini yake, dawa ya maumivu makali, ilitengenezwa hapo hapo, kwa kuchanganya unga wa dawa na maji safi na kitu cha kuzuia isiharibike, kisha kutiwa rangi ili nguvu ya kila chupa itambulike: kijani ni ile dhaifu. Mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili apate usingizi. Hakuna sindano, hakuna kulazwa. Baadaye serikali ya Uganda ilichukua jukumu la kuitoa bure. Tatizo lilikuwa moja: madaktari walikuwa wachache mno vijijini, na sheria iliwaruhusu wao tu kuiandika. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni zake, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuwapa ruhusa hiyo wauguzi na matabibu wasaidizi waliomaliza kozi maalumu ya tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza mateso ya mgonjwa, kozi ya miezi tisa. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Wauguzi hao wanafika nyumbani kwa wagonjwa hata mahali ambapo daktari hajawahi kukanyaga.

Congo inapakana na Uganda, na kila siku watu na bidhaa hupita kati ya nchi hizi mbili. Kwa nini ujuzi huo usivuke?

Tume ya jarida la The Lancet ilihesabu mwaka 2017 kwamba katika tani karibu 299 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kila mwaka, nchi maskini kabisa hupata sehemu ya kumi ya tani moja tu. Nyuma ya hesabu hiyo yuko mama aliyelala kwenye mkeka, mifupa ya nyonga ikimuuma usiku kucha, anayepewa parasetamoli kwa sababu ndiyo iliyopo. Maumivu hayo yanaweza kutulizwa. Kuyaacha ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuubadilisha kwa amri ya wizara inayosema wazi kwamba muuguzi aliyefundishwa na kuandikishwa anaweza kuanzisha mofini ya kunywa, kuongeza dozi, na kuweka kumbukumbu ya kila chupa.

Hofu ya wizi na uraibu ni ya kweli, hivyo kabati lifungwe kwa kufuli mbili na daftari likaguliwe kila mwezi. Ila mofini ya maji iliyochanganywa dhaifu si bidhaa inayowavutia walevi, na mgonjwa wa saratani anayeitumia kwa maumivu hawi mraibu kwa maana ambayo watu wanaiogopa. Madhara anayopaswa kuyatazamia muuguzi ni ya kawaida zaidi: kichefuchefu siku za mwanzo, usingizi, na kukosa choo. Hili la mwisho humtesa mgonjwa kiasi cha kuikataa dawa, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Wauguzi wa tiba shufaa wa Uganda wametumia hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa pale dawa za dukani zinapokosekana, na mapapai Kasongo hayapungui.

Kuna na harufu. Kidonda cha titi lililopasuka, au maji yanayotoka kwa mwenye saratani ya kizazi, humtenga mtu na wenziwe. Wajukuu wanaacha kuingia chumbani, majirani wanasalimia kutoka uani, minong'ono ya uchawi inaanza. Muuguzi akisaga vidonge vya metronidazoli, ambavyo karibu kila kituo kinavyo, na kuunyunyiza unga wake juu ya kidonda wakati wa kubadilisha bandeji, harufu hupungua sana baada ya siku chache. Ni dawa ya bei ndogo. Wauguzi wengi hawajaambiwa kwamba inaweza kutumika hivyo. Mgonjwa akiacha kunuka, watu wanarudi kukaa naye, na anakula tena pamoja nao.

Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya St Christopher's jijini London mwaka 1967 na kuanzisha tiba shufaa ya kisasa, alianza kazi kama muuguzi kabla ya kusomea udaktari. Alikuwa amewaona wanaokufa kutoka umbali wa kitanda, wakati daktari ameshaondoka wodini. Muuguzi wa Kabambare yuko umbali huo huo, na zaidi: anamjua mgonjwa, anamjua mumewe, anajua deni la familia dukani. Anajua ni nani ndani ya nyumba anayeweza kuambiwa ukweli kwanza. Hayo hakuna bingwa wa Kinshasa atakayeyajua.

Lakini muuguzi huyu ni mtu pia. Wauguzi wengi wa Congo hufanya kazi miaka mingi bila jina lao kuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali; wanaishi kwa sehemu ya ada wanayolipa wagonjwa na kwa kulima. Kumwongezea saratani juu ya malaria, uzazi, chanjo, surua na kipindupindu bila kumwongezea franka hata moja ni kumdhulumu, na kazi haitafanyika. Vilevile si lazima kila kituo kifanye kila kitu. Maeneo ya Kasongo na Kabambare yana zoni sita: Kasongo, Kunda na Samba upande mmoja, Kabambare, Lusangi na Saramabila upande mwingine. Wauguzi wawili kwa kila zoni, angalau mmoja wao mwanamke, wakifundishwa siki, kifaa cha joto, uchunguzi wa matiti na mofini, ni watu kumi na wawili. Jimbo haliwezi kudai kwamba limeshindwa kuwalipa posho watu kumi na wawili na kuwanunulia pikipiki sita. Wengine wote vituoni wapewe somo fupi la dalili na namba ya simu ya mwenzao aliyefundishwa, na rele wa jamii, wale wahudumu wa kujitolea wa vijijini, waambiwe damu ipi si ya kawaida.

Madaktari wakuu wa zoni wanaweza kuanza hata kabla ya amri ya Kinshasa. Uhusiano wa kazi kati ya hospitali na vituo vyake upo tangu enzi za Mradi wa Kasongo. Kuongeza saratani ndani yake hakuhitaji bunge. Kila zoni ifungue daftari moja la wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na saratani: ametoka eneo gani, ana umri gani, aliona dalili lini, alipelekwa wapi, alirudi au hakurudi, anapata dawa gani ya maumivu. Asiyerudi afuatwe nyumbani, kama wanavyofuatwa wagonjwa wa kifua kikuu. Baada ya mwaka mmoja, madaftari hayo sita yangewekwa kwenye meza ya waziri wa afya wa jimbo huko Kindu wakati bajeti inapoandikwa.